Mgongo wa Rai Mwero

Garama alipewa taulo kwa sababu kocha alikuwa amekataa kulishika. Lilikuwa taulo jeupe la kawaida, la kujifutia jasho, na katika mapigano ya kizimba lina kazi moja kubwa: mtu wa kona akiona mpiganaji wake anaumia kupita kiasi, analitupa ndani, refa anasimamisha pigano, na mpiganaji wake anahesabiwa kushindwa. Ni kazi isiyotaka nguvu wala elimu. Garama alikuwa mtunza bustani wa hoteli moja huko Diani, mtu wa kukata nyasi na kumwagilia maua, na kila mtu alidhani ataiweza bila shida. Yeye mwenyewe alidhani hivyo.

Mpiganaji wake alikuwa Rai Mwero. Kama hulijui jina hilo, basi hukuwa na haja na mieleka, na si wewe peke yako. Nchi hii haina haja na mieleka mpaka mtu arudi na medali, tena hata hapo inapiga makofi siku moja tu kisha inasahau. Lakini kuanzia Kinango mpaka Msambweni, kwa muda mrefu, ulikuwa huwezi kumtaja Rai mbele ya watu bila mmoja wao kudai kwamba ni binamu yake.

Yeye na Garama walitoka nyika kavu iliyo kati ya Kinango na Samburu, yaani Samburu ya barabara kuu na malori, si ile ya kaskazini ambayo watu wa Nairobi huikimbilia ukiwatajia jina. Huko kiangazi kikikaza, lambo hubaki dimbwi dogo lililozungukwa na tope. Ng'ombe wanaotangulia hunywa maji, wanaofuata hunywa udongo. Wazee wa zamani walichoka kusuluhisha kesi za fimbo na mapanga pale lamboni, wakawaachia wachungaji mieleka. Kila boma lilitoa mchungaji wake, wakashikana, na aliyeshinda ng'ombe wa kwao walitangulia.

Sheria ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya mgongo. Goti likigusa chini si kitu. Tumbo si kitu. Uso ukizama topeni mpaka masikioni, bado si kitu. Lakini mgongo ukila vumbi umeshindwa, aliyekuangusha anakupa mkono anakuinua, na ng'ombe wenu wanangoja. Tena hakuna aliyeruhusiwa kuwaachanisha. Ukimtoa mwenzako mikononi mwa mtu kabla mgongo wake haujagusa, wewe ndiye uliyemfanya ashindwe, na adhabu yake ni kubwa kuliko ya kuangushwa: ng'ombe wa kwao watakunywa mwisho mpaka mvua inyeshe.

Garama alilifanya kosa hilo mara moja. Walikuwa wavulana ambao sauti zao ndiyo kwanza zinaanza kuvunjika. Rai alishikana na kijana wa boma jingine, mkubwa wa mwili, na yule kijana alipoona hawezi kumgeuza chali alimkandamiza uso kwenye tope akamkalia. Garama aliiona miguu ya Rai ikirusharusha, kisha ikipunguza. Hakungoja. Aliingia akamvuta yule kijana kwa shingo mpaka akaachia. Rai aliinuka na tope puani, akavuta pumzi kwa kelele, na hakusema asante.

Kiangazi kile kizima ng'ombe wa kina Rai walikunywa mwisho, na ndama wao wakafa. Baba yake hakumpiga, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimnyang'anya fimbo ya kuchungia akampa mdogo wake. Rai alipokuja kusema tena na Garama mvua zilikuwa zimekwisha kunyesha. Alimwambia hivi: "Siku nyingine niache. Hata ukiona nakufa niache, maadamu mgongo wangu haujagusa." Garama akaapa. Watu huvicheka viapo vya watoto, lakini ni vichache vya watu wazima vinavyodumu kama hivyo.

Baada ya hapo Rai hakuangushwa tena. Mwalimu wa michezo alimwona, akampeleka Mombasa kwenye timu ya mieleka ya askari, na kule alikuta mkeka badala ya vumbi na refa mwenye filimbi badala ya wazee. Alikuta pia kwamba mabega mawili yakibanwa kwenye mkeka mtu ameshindwa papo hapo. Alirudi likizo akamwambia Garama, kwa furaha ya kitoto, kwamba inaonekana dunia nzima ilijifunza mieleka kwenye lambo lao. Alikuwa bingwa wa taifa katika uzani wake mwaka baada ya mwaka. Alikwenda kwenye mashindano ya Afrika akarudi na medali ya fedha. Fainali aliipoteza kwa pointi, na nyumbani walipoambiwa hivyo hawakuelewa pointi ni kitu gani. Waliuliza kama mgongo wake uligusa chini. Wakaambiwa haukugusa. Basi kwao alikuwa ameshinda, na yule mwenye dhahabu walimhurumia tu.

Siku aliporudi na medali ile, wanawake walimzunguka njiani wakampangusa mgongo kwa leso zao, wakaziinua juu kuonyesha kwamba hazikushika hata chembe ya vumbi, wakapiga vigelegele mpaka malori yakapunguza mwendo. Mmoja wao alikuwa Sidi, msichana mwenye sauti kali kuliko wote. Rai aligeuka kutazama ni nani huyo mwenye koo la namna ile, na kabla mwaka haujaisha posa ikapelekwa.

Ningependa kuishia hapo. Lakini magoti ya mpiga mieleka huzeeka kabla ya mwenyewe, na timu haina subira na magoti. Rai alipoachwa na timu aligundua kwamba medali ya fedha haifungui mlango wa ofisi yoyote. Alihamia Diani, ambako Garama alikuwa ametangulia, akawa baunsa wa klabu moja karibu na ufuo. Mtu aliyekosa kidogo ubingwa wa Afrika, mwanamume aliyepandishiwa bendera ya taifa, kazi yake ikawa kuwatoa walevi kwa upole wasije wakaumia. Alikuwa akija bustanini kwa Garama asubuhi, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatazama maji yakitoka kwenye mpira.

Ndipo akaja Tobias, mwandaaji wa mapigano kutoka Nairobi, na kizimba chake cha nyaya. Mle ndani watu hupigana ngumi, mateke, viwiko, kabali, mieleka, vyote pamoja. Tobias alikuwa amemsikia Rai, akamtafuta, akamwambia ubingwa wake haujaisha bali umekosa uwanja tu. Mtu aliyekaa juu ya ndoo muda mrefu hahitaji kuambiwa maneno hayo mara mbili.

Mwanzoni alitia fora. Aliwanyanyua watu akawabwaga, nyaya zikatikisika, na watalii wakapiga mbinja. Kulikuwa na kituko pia: katika pigano la kwanza, baada ya kumlaza mtu chali, alimwachia akampa mkono amwinue, kwa adabu zake zote za lamboni, na yule mtu akamtandika teke la kidevu. Watu walicheka sana. Rai mwenyewe alicheka, akajifunza. Alijifunza kutomwachia mtu, alijifunza kukinga ngumi, alijifunza hata teke la chini. Lilikuwepo jambo moja tu ambalo hakuweza kujifunza, na jambo hilo ndilo lililommaliza.

Kocha Gillian, mwanamke wa bara aliyekuwa na ukumbi wa mazoezi pale Ukunda, alimweleza kwa kila njia. Katika kizimba, alisema, kulala chali si kushindwa. Ukilala chali una mikono, una miguu ya kumfunga mtu kiunoni, na una macho ya kuona ngumi inakotokea. Ukilala kifudifudi huna kitu. Umempa mtu kichwa chako afanye anavyotaka. Rai alikubali kila neno. Kisha walipoanza mazoezi, mara tu alipoangushwa, mwili wake ulijigeuza hewani ukatua kwa tumbo. Siku moja Gillian alimkalia kifuani amlazimishe kubaki chali. Rai alijigeuza kifudifudi, kocha akiwa juu yake bado, na ukumbi mzima ukaangua kicheko isipokuwa Gillian. Rai aliomba radhi. Alisema kichwa chake kimeelewa zamani, ni mwili ndio unaokataa.

Garama alikuwepo siku ile, na ukweli ni kwamba alicheka kwa fahari. Hakuona kosa. Alimwona Rai yule yule wa lamboni.

Basi wapinzani nao wakagundua. Katika mapigano mawili mfululizo Rai aliangushwa, akajigeuza kifudifudi, akapigwa sikioni na kwenye panja mpaka refa akaingilia. Baada ya lile la pili alianza kubadilika. Alitia chumvi kwenye chai akainywa yote. Alimwita Sidi kwa jina la dada yake mwenyewe, Kadzo, na aliposahihishwa alikasirika. Siku nyingine Garama alimkuta amesimama barabarani mbele ya nyumba aliyopanga, amevaa vizuri, hajui alikuwa anakwenda wapi. Daktari wa Msambweni alikipiga kichwa chake picha, akawakalisha mume na mke, akasema bila kuzunguka kwamba kichwa kile hakina nafasi ya kupigwa tena. Kikipigwa vibaya mara moja tu, alisema, huenda Rai asirudi kuwa mtu wanayemjua.

Rai alimshukuru daktari. Wiki hiyo hiyo akakubali kupigana na Quincy, kijana wa Nairobi aliyekuwa akivuma. Sidi alilia, alinuna, alifunga virago vyake akavifungua. Rai alimjibu kwamba hawezi kurudi nyumbani akiwa amepigwa. Litakuwa la mwisho, ashinde, kisha warudi Kinango wafuge. Hakutaka kitu kingine chochote duniani.

Ndipo Gillian akajitoa. Alimfuata Garama hotelini, akasimama kando ya maua bado amevaa kofia ya pikipiki.

"Mimi siendi," alisema. "Siwezi kukaa pale nikiangalia. Nimemwambia Tobias, nimemwambia Rai, hakuna anayenisikia. Anasema wewe ndiye utashika taulo."

Garama alisema ndivyo alivyoambiwa.

"Basi nisikize. Akigeuka tu kifudifudi, tupa. Usingojee refa, usingojee kengele. Akigeuka, tupa. Umeelewa?"

Garama alisema ameelewa. Na alikuwa ameelewa kweli, kila neno.

Sidi naye alimwita nyumbani siku ya Jumamosi. Alimkaribisha chai, akamuulizia mama yake, akamuulizia shamba, akayapitia yote yanayostahili kuulizwa kabla ya kufika kwenye la moyoni. "Shemeji," alisema mwishowe, "sikuombi umzuie. Nimemzuia mimi nikashindwa. Nakuomba unirudishie na kichwa chake. Akirudi ameshindwa nitampokea, akirudi amevunjika mkono nitampokea. Niahidi."

Garama akaahidi. Kwa hiyo alikuwa na ahadi mbili kifuani, ya Sidi na ile ya lamboni, na haikumpitia akilini kwamba zinaweza kugombana. Hilo ndilo linalonitia uchungu zaidi. Mtu anayejua kwamba amefungwa kamba mbili huweza angalau kuchagua.

Pigano lilikuwa Jumapili alasiri, kwenye uwanja wa nyasi wa hoteli moja ya ufuoni. Wazungu walikaa kwenye viti na miwani yao ya jua, madereva wa bodaboda walijipanga juu ya ukuta wa nje, na simu za Tobias zilirusha kila kitu moja kwa moja mtandaoni. Sidi hakuja. Alisema ataangalia nyumbani kwenye simu ya jirani yake, Jacinter, mwanamke wa bara aliyefanya kazi ya usafi hotelini.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya Rai. Jamani, ilikuwa ya Rai. Alimshika Quincy kiunoni akamnyanyua mpaka nyayo za yule kijana zikapita usawa wa vichwa, akambwaga, na madereva juu ya ukuta wakapiga mbinja. Garama alimpa maji, akamfuta jasho kwa taulo lile lile, akaona macho ya Rai ni mazima na yanacheka. Akajiambia huenda daktari alitia chumvi.

Raundi ya pili Quincy aliukamata mguu wa Rai, ule wenye goti bovu, akauvuta juu. Rai alianguka kinyumenyume. Garama aliona anakwenda chini kwa mgongo. Kisha hewani Rai akajipinda, kwa goti bovu na umri wake ule, akatua kwa tumbo.

Moyo wa Garama uliruka kwa furaha. Tuseme ukweli, ilikuwa ni furaha.

Quincy alimpanda akaanza kumpiga. Ngumi ya kwanza ilitua sikioni, ya pili kwenye panja. Refa aliinama akamwambia Rai ajitetee, na Rai akajikusanya juu ya magoti, refa akaona ni kujitetea, akaacha. Rai akalazwa tena kwa tumbo. Garama alikuwa amesimama, taulo mkononi, macho yake yameganda kwenye mgongo wa Rai. Ulikuwa umeelekea juu, unang'aa kwa jasho, hauna alama. Kila ngumi ilipotua aliutazama mgongo. Upande wa pili wa nyaya Tobias alikuwa amesimama juu ya kiti, na hata yeye, ambaye watu walimlipa waone damu, alikuwa akimpungia mikono akimwambia, "Rusha, buda, rusha hiyo taulo!" Garama alimsikia. Alimsikia na Gillian pia, maneno yake yote, tupa akigeuka tu. Lakini ndani yake lilikuwemo neno moja lililokuwa na nguvu kuliko hayo yote, nalo lilikuwa: bado.

Bado hajashindwa. Bado haujagusa. Kumtoa sasa ni kumwua.

Refa ndiye aliyemwondoa Quincy, mkono wa Rai ulipolegea. Taulo lilikuwa bado mkononi mwa Garama.

Walimkalisha Rai kwenye kigoda. Alikuwa anajua mahali alipo. Alimtafuta Garama kwa macho, jicho moja likiwa limeziba, akamuuliza, "Umegusa?"

"Haukugusa," Garama alisema.

Rai akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Alitembea kwa miguu yake mpaka chumba cha kubadilishia nguo, akakaa kwenye benchi, akainama kufungua kitambaa alichofungwa mkononi, akatapika, akaanguka. Walimkimbiza hospitali, kisha Mombasa, ambako walimfungua fuvu kutoa damu iliyokuwa ikilibana bongo. Alilala bila fahamu siku nyingi. Alipofumbua macho, yalikuwa macho tu.

Watu wa Ukunda hawakukaa kimya. Wako waliosema Garama alihongwa na watu wa Nairobi. Wako waliosema alikuwa amelewa, na Garama hajawahi kuonja hata mnazi. Wengine, wenye akili za kupindukia, walisema alikuwa akimtamani Sidi. Alikata nyasi akiyasikia yote hayo nyuma ya ua, na hakumjibu mtu. Jibu alilokuwa nalo lilikuwa baya kuliko yote waliyobuni, maana mwenye kuhongwa angalau alijua anachokifanya.

Quincy alifika hospitalini na mfuko wa matunda. Alikuwa kijana mwenye haya, masikio yamevimba kwa mazoezi. Alimwamkia Garama shikamoo, jambo ambalo vijana wa kwao hawajalizoea, akakaa naye kwenye benchi la ukumbini. Alikaa muda mrefu akiuviringisha ule mfuko.

"Nilikuwa naangalia upande wako, mzee," alisema. "Kila nikipiga naangalia. Nilikuwa nangoja tu urushe."

Yule kijana aliacha matunda akaenda zake, na baadaye Garama alisikia kwamba ameacha kupigana.

Hospitali ilipofika mwisho wa uwezo wake, Sidi alimrudisha Rai kwao, ile safari ya kurudi nyumbani aliyoitaka sana. Garama hakwenda kumwona. Alisema kazi ni nyingi, alisema mafua, alisema mengi. Nyasi zilikua akazikata, zikakua tena. Hatimaye alipiga moyo konde akaomba ruhusa, akafika pale bomani jua likiwa limepanda, amebeba sukari na unga.

Rai alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa nyumba. Alikuwa amenenepa. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani umekunjamana. Garama alimsalimu, Rai akatabasamu, na Garama akafurahi kwa kitambo kidogo, mpaka akaona kwamba Rai anatabasamu vile vile kwa kuku anayepita. Alimwita jina lake. Alimwita majina ya ng'ombe wao wa zamani, mmoja baada ya mwingine. Rai aliendelea kutabasamu. Garama alilia pale pale, bila kujificha, mwanamume mzima mwenye mvi.

Sidi alitoka jikoni na bakuli la uji. Hakumwambia anyamaze. Aliweka kigoda, akakaa, akaanza kumlisha mumewe, kijiko baada ya kijiko, akimfuta kidevu. Alikuwa amekonda. Alimuulizia Garama mama yake. Alimuulizia shamba. Kisha akauliza, bila kugeuza uso wake kutoka kwenye bakuli:

"Kocha alikwambia?"

"Aliniambia."

"Na mimi nilikwambia."

"Uliniambia, shemeji."

"Basi ulikuwa ukingoja nini?"

Garama alikuwa amefanya mazoezi ya majibu kwa miezi. Refa alikuwa karibu, kelele zilikuwa nyingi, ilitokea haraka. Aliyaacha yote.

"Mgongo wake ulikuwa haujagusa," alisema.

Kisha akainamisha kichwa kungoja matusi. Aliyataka. Alikuwa ametoka Diani kuyafuata hayo, maana mtu akitukanwa na mwenye haki ya kumtukana, huenda akapata usingizi. Aliusikia mlio wa kijiko kwenye bakuli. Alisikia Rai akimeza. Garama alipoinua macho alimkuta Sidi ameacha kulisha, bakuli limeinama, uji unamwagika kwenye leso yake.

"Jacinter alikuwa analia," alisema Sidi polepole. "Alijifunika uso kwa mto, akaniambia nizime simu, anamuua, nizime. Mimi sikuzima. Rai alipojipinda vile, akageuka, akatua kwa tumbo..." Alikiweka kijiko ndani ya bakuli. "Nilisimama juu ya kitanda, shemeji. Nilipiga kigelegele. Alipokuwa akipigwa kichwani, mimi nilikuwa napiga vigelegele. Majirani walikuja mlangoni kuuliza kuna harusi gani."

"Jacinter hajasema nami tangu siku ile," alisema Sidi. "Huku hakuna anayejua. Mama mkwe hajui. Wananiona ninavyomlisha, wananisifu." Alimtazama Garama kwa mara ya kwanza tangu afike, na sauti yake ikashuka. "Huko Diani nasikia wanasema ni wewe."

"Wanasema."

"Waache waseme, shemeji. Nakuomba. Waache waseme ni wewe peke yako."

Garama alisema atawaacha. Alimpokea bakuli, akasogeza kigoda karibu na kiti cha Rai, akaendelea kumlisha. Rai alitabasamu akafungua mdomo.